Nguo Haikuungua

Chumba cha kupigia pasi cha Nyoosha kilikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa kali kuliko sheria zote za nyumbani kwake: hakuna kuingia na viatu. Sakafuni, kuizunguka meza yote, palitandikwa shuka jeupe lililofuliwa kila Jumamosi, ili nguo ndefu zikiteremka mezani, yaani magauni, mapazia na mashuka ya nyumba za wageni, ziangukie juu ya kitu kisafi. Juu ya shuka hilo fundi alisimama peku kutwa nzima, na kwa miaka thelathini na minne alijivunia kwamba hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake na vumbi kwenye pindo.

Nyoosha halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wateja walimwita hivyo tangu akiwa kijana, na mwishowe hata mkewe alilizoea. Mwenzake wa kazi alikuwa kaka wa huyo mkewe, mtu mrefu mwenye maneno mengi, aliyefua nje uani kwenye mabeseni manne, naye jina lake lilikuwa Povu. Povu alifua, Nyoosha alipiga pasi. Povu alipotaka kuzungumza na shemeji yake alisimama kizingitini na ndala zake zilizolowa, hakuthubutu kuvuka.

"Shemeji," alimwambia siku moja, "hata malaika mtoa roho akija kukuchukua, itabidi kwanza avue viatu hapa mlangoni."

"Atavua," alisema Nyoosha bila kuinua macho. "Na asipotaka, aningoje huko nje kwenye matope yako."

Alipofika miaka hamsini na minane akaanza kuwa na kiu. Alikunywa maji akaona hayatoshi, akanywa soda, chupa mbili kwa siku, kisha nne, na bado ulimi ulimkauka kama kitambaa kilichosahaulika juani. Akakonda. Mkewe alimburuta hadi kliniki, na huko akaambiwa ana ugonjwa wa kisukari, na kwamba si wa jana wala wa juzi. Umemkaa miaka, ukimla polepole.

Kliniki ya kisukari ilikuwa kila Jumanne, kwenye ukumbi wenye madirisha yasiyo na vioo na mabenchi matatu. Muuguzi aliyeisimamia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na viziwi. Hakuanza na dawa. Alianza kwa kumtaka kila mgonjwa aseme jambo moja analolipenda katika nafsi yake, kwa sababu, alisema, mtu asiyejithamini hawezi kujitunza hata umpe kabati zima la vidonge. Dereva mmoja mstaafu akasema anajipenda kwa kuwa hajawahi kumgonga mtu. Mama mmoja akasema anapenda kicheko chake, akacheka, watu wakacheka naye.

Ikafika zamu ya Nyoosha.

"Mimi?" alisema. "Mimi dobi tu, sista. Labda mistari ya suruali. Nikiupiga mstari haupindi."

"Hiyo ni suruali. Nimekuuliza wewe."

Akafikiri. Wenzake wakamngoja. Aliipekua nafsi yake kama mtu anayepekua mifuko ya koti la mwenziwe, asikute kitu, akatabasamu tu na kukaa.

Muuguzi hakumshikilia. Alimpima miguu kwa kijiti chembamba, huku akimwambia afumbe macho na aseme kila anapoguswa. Nyoosha alikaa amefumba macho akingoja aguswe, na alipoyafumbua alikuta muuguzi amekwisha maliza.

"Umenigusa mara ngapi?" akauliza.

"Mara kumi na mbili. Umesema mara tatu." Akaandika kwenye daftari. "Miguu yako imeanza kufa ganzi, baba. Ukichomwa na mwiba hutajua, ukiungua hutajua. Sasa nakupa mambo manne, na yote manne ni sawa kwa uzito, usije ukachagua. Soda na sukari uache. Vidonge umeze kwa saa zake. Kila asubuhi utembee nusu saa. Na kila jioni ukague miguu yako, juu, chini na katikati ya vidole, na usitembee peku hata hatua moja, hata chumbani mwako."

Nyoosha hakumwambia habari ya shuka jeupe.

"Ukimaliza nguo ya mteja unaikagua?" aliuliza muuguzi.

"Nje na ndani, sista. Mpaka kwapani."

"Basi mguu nao ukague hivyohivyo."

"Lakini nguo ya mteja ina mwenyewe. Atakuja kuidai."

"Na mguu hauna mwenyewe?"

Benchi zima likacheka. Nyoosha naye akacheka, akiangalia ukutani.

Hata hivyo alibadilika, na aliyemwona miezi ile atashuhudia kwamba hakufanya mzaha. Soda aliiacha siku ileile, kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayebandua plasta. Kichwa kilimuuma wiki nzima, akavumilia. Vidonge alivipanga kwenye kisanduku cha vifungo, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Na kila kulipopambazuka alivaa viatu vyake vya kamba akatembea, kutoka nyumbani hadi kwenye tangi la maji na kurudi, mgongo wima, mikono ikipunga. Wauza mboga walianza kumsalimia. Fundi baiskeli alimwambia amekuwa kijana. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mteja wake wa miaka mingi, alisimamisha gari akampongeza mbele za watu.

Jambo hilo lilimwingia Nyoosha mahali ambapo hapakuwahi kuingia kitu. Maisha yake yote watu walizisifu nguo. Sasa walimsifu yeye. Kwa mara ya kwanza tangu aanze udobi alijipigia pasi shati lake mwenyewe, kwani hadi siku hiyo alikuwa akivaa mashati yaliyojikunja kama karatasi iliyookotwa jalalani, akiona kwamba moto wa pasi ni wa nguo za watu. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo cha mkewe, akageuka upande, akajitazama tena.

Akaanza na kuhubiri. Mteja akija dirishani kuchukua suruali alipewa suruali pamoja na hotuba juu ya soda.

"Shemeji, punguza," Povu alimwambia. "Watu wanakuja kuchukua nguo wanaondoka na dhambi."

"Ungekuwa na akili ungetembea na mimi asubuhi."

"Mimi natembea kutwa kati ya beseni na kamba. Kama kutembea ni dawa, mimi sitakufa."

Lakini jambo la nne hakulifanya. Matatu ya kwanza yalionekana na watu, na hili la nne lilitaka mtu akae peke yake pembeni ya kitanda, ainue wayo wake mwenyewe na kuutazama. Nyoosha hakupenda nyayo zake. Miaka thelathini na minne ya kusimama, na kumi ya mwanzo aliyofua mwenyewe kwenye maji ya dawa ya kung'arisha nguo, ilizifanya ngumu, zenye mipasuko, kijivujivu kama sabuni iliyokaukia ukutani. Kucha mbili hazikuwapo. Alizionea haya. Tena aliona ni kujikweza, mtu kama yeye kukaa kitako akijichunguza miguu kama tajiri asiye na kazi.

Mkewe alimnunulia viatu laini vya turubai, vipya, akamwambia havijagusa barabara na wala havitaigusa, ni vya chumba cha pasi peke yake. Nyoosha akamshukuru na kuviweka juu ya rafu. Angevivaaje? Sheria ni yake, na kwa ajili ya sheria hiyo aliwahi kumfukuza kazi msaidizi aliyekanyaga shuka na soksi chafu. Kuingia na viatu kungekuwa kumtangazia Povu, na wateja dirishani, kwamba Nyoosha anayetembea wima kila asubuhi ni mgonjwa wa miguu.

"Umeangalia miguu leo?" mkewe alimuuliza kila jioni.

"Nimeangalia."

"Iko salama?"

"Salama kabisa, mama watoto."

Akalala na soksi, akisingizia baridi.

Siku ya gauni ilikuwa Alhamisi. Mama mmoja alileta gauni la harusi la binti yake, lenye matabaka sita ya kitambaa chepesi na mkia wa hatua nne, jeupe kiasi cha kumfanya mtu aone haya kulikaribia. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mama yule alilikabidhi kwa mikono miwili na hakuondoka mpaka Nyoosha alipomwapia kwamba hata nzi hatatua juu yake.

Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Nyoosha hakushtuka, maana alikuwa na pasi yake ya mkaa, nzito, ya chuma cha zamani, na kwa siri aliiamini kuliko ile ya umeme. Akaijaza makaa, akaiyumbisha huku na huku mlangoni mpaka yakawaka, akaijaribu juu ya kitambaa kibovu, akarudi mezani. Alitanguliza kitambaa chenye unyevu, akapitisha pasi juu yake, tabaka baada ya tabaka, mkia wa gauni ukiteremka polepole juu ya shuka sakafuni. Alifanya kazi akiegemea mguu wa kulia, kama desturi yake. Pasi ile ilikuwa na matundu ubavuni ya kupitishia hewa, na tundu moja lilikwisha liwa na kutu likawa pana. Hakuliona kaa la moto, dogo kama punje ya harage, lilipotoka na kudondoka. Wala hakulisikia alipolikanyaga.

Harufu ndiyo iliyomfikia.

Dobi anaijua harufu ya kuungua kuliko sauti ya mtoto wake. Pamba ikiungua hunuka kama karatasi. Sufu hunuka kama nywele. Vitambaa hivi vya viwandani hunuka kama ndoo ya plastiki iliyowekwa motoni. Hii ilikuwa karibu na nywele, na gauni lile halikuwa na sufu hata uzi mmoja, na ndiyo maana moyo ulimpasuka: pengine lilikuwa na kitambaa cha ndani asichokijua, ndicho kinachoungua chini ya mkono wake. Akaiinua pasi na kuiweka kwenye kigae chake.

"Povu," aliita. "Nawa miguu uje. Haraka."

Povu hakuwahi kuitwa ndani ya chumba kile. Akanawa miguu na mikono, akaingia akinyata.

"Gauni linaungua. Sijui wapi. Ulilitia nini?"

"Sabuni na maji. Nilitie nini tena?"

"Wanga ulizidisha. Wanga ukizidi unashika moto. Shika huo mkia, uinue taratibu."

Wakaligeuza. Nyoosha alisimama palepale, uzito wote juu ya mguu wa kulia, akipokea tabaka moja moja kutoka mikononi mwa Povu na kulipeleka dirishani penye mwanga. La kwanza. La pili. Jasho lilimtiririka, akawa anajifuta kwa bega ili lisidondokee kitambaa.

"Inanuka kama nyama, shemeji," alisema Povu.

"Una njaa wewe. Lete la tatu."

"Nakwambia inanuka kama nyama."

"Lete la tatu."

Walilikagua lote, nje na ndani, mpaka kwenye mishono ya kwapa. Harufu ilikuwa imekwisha pungua. Hakukuwa na doa, hakukuwa na umanjano, hakukuwa na uzi uliojikunja kwa joto.

"Nguo haikuungua," alisema Nyoosha. "Nguo ni nzima."

Aliposogea ndipo alipoona, pale alipokuwa amesimama, tundu kwenye shuka, jeusi, la ukubwa wa kifungo cha shati, na majivu kidogo. Akapumua. Kumbe ni kaa limedondoka, likaunguza shuka, basi. Alisikitika kwa ajili ya shuka. Jioni alimpa mkewe alitie kiraka, na mkewe akatia, akimlaumu kwa kutobadilisha pasi ile mbovu. Akamuuliza habari ya miguu. Akajibu kama kawaida.

Mama wa bibi harusi alikuja Ijumaa. Aligusa gauni kwa ncha za vidole, akasema hajawahi kuona kazi ya mtu mwenye heshima namna hii. Mwenye heshima: neno hilo Nyoosha alilibeba siku nzima.

Na kesho yake asubuhi akaenda kutembea. Na Jumapili, na Jumatatu. Alitembea vizuri zaidi, kwa furaha, hadi kwenye tangi la maji na kurudi, na kila hatua iliusaga mguu ulioungua ndani ya kiatu cha kamba. Afya aliyoitafuta kwa bidii ndiyo iliyomkanyagia kidonda. Jumanne hakwenda kliniki. Kazi zilikuwa nyingi baada ya sifa za gauni. Jumatano alihisi homa, akasema ni uchovu. Alhamisi kiu ikarudi, ile ya zamani.

Ijumaa alikuta madoa kwenye shuka, ya manjano na rangi ya kutu, yakizunguka meza upande wake.

"Povu," alisema, "maji yako machafu yanaingia ndani. Angalia ulichonifanyia."

"Maji yangu yanapita wapi? Yana mbawa?"

"Angalia mwenyewe."

Povu akachukua kitambaa, akanawa, akaingia akapiga magoti afute. Akafuta doa la kwanza, akanusa kitambaa. Akafuata la pili na la tatu, mpaka akafika kwenye kisigino cha shemeji yake.

"Shemeji, usisogee. Inua mguu."

"Wa nini?"

"Inua."

Nyoosha akaegemea meza na kuuinua kama punda anayepigiliwa chuma kwatoni. Povu akautazama wayo. Tangu dada yake aolewe Povu hakuwahi kukosa neno. Siku ile alikaa chini kwenye shuka jeupe na akakosa neno. Kisha akasimama, akamshika Nyoosha kiunoni, akambeba begani hadi barabarani kama furushi la nguo. Nyoosha alilalamika njia nzima kwamba pasi imeachwa na moto.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakuzungusha maneno. Kidonda kimefika kwenye mfupa, alisema, na sumu inapanda. Mguu ukatwe chini ya goti, na leo ni bora kuliko kesho.

"Nipe dawa, daktari," alisema Nyoosha.

"Dawa unapewa. Haifiki, kwa sababu damu yenyewe haifiki."

"Mimi kazi yangu ni kusimama."

"Baba, sikuambii habari ya kazi. Nakwambia habari ya kuishi."

Akakataa. Siku hiyo wekundu ulikuwa kifundoni. Jumamosi ulikuwa umepanda kiasi cha vidole vinne. Jumapili ulifika nusu ya muundi, na daktari akamwambia mke wa mgonjwa huko nje kwamba ukivuka goti watakata pajani, na ukivuka hapo hawatakata kitu.

Mkewe alirudi ndani akaketi kwenye kiti cha chuma. Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja alikuwa akikoroma. Ilikuwa saa nane mchana, na jua lilipiga moja kwa moja juu ya mashuka ya kijani ambayo, kama Nyoosha alivyogundua siku ya kwanza, hayakupigwa pasi.

"Kila jioni nilikuuliza," alisema mkewe. Hakupandisha sauti. "Ukaniambia umeangalia."

Nyoosha akalivuta shuka hadi kifuani.

"Ulikuwa unamdanganya nani? Mimi mguu si wangu."

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Miguu yenyewe. Imekaa vibaya. Sikutaka kuiona. Na nilisema, mimi ni nani mpaka nikae nijikague."

"Gauni la mtu usiyemjua uliligeuza mara ngapi?"

Mkewe alikunja khanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ukitaka kufa, sema nataka kufa, nijue moja. Lakini usiniambie unakufa kwa ajili ya pasi. Mimi sikuolewa na pasi."

"Nikirudi na mguu mmoja nitakuwa nani?"

"Sijui," alisema mkewe. "Tutamjua akirudi."

Saa tisa akaja Povu, amevaa shati safi lililopigwa pasi vibaya. Alisimama miguuni pa kitanda, akaona amesimama mahali pabaya, akahamia kichwani.

"Nimeipiga pasi suruali ya mwalimu mkuu," alisema. "Sasa ina mistari mitatu. Nimemwambia ndiyo mtindo mpya."

"Akasemaje?"

"Akasema utainyoosha utakaporudi."

"Na wengine?"

Povu akajikuna shingo. Angeweza kudanganya, na uso wake ulionyesha kwamba amefikiria kufanya hivyo. "Wengine wamehama, shemeji. Nusu hivi. Yule mama wa gauni alileta mapazia, akakuta haupo, akaondoka nayo."

"Aliuliza nina nini?"

"Aliuliza utapona lini. Nikamwambia sijui. Akasema ana haraka."

Nyoosha alitazama dari. Palikuwa na mjusi aliyeganda pembeni mwa taa. Miezi ile yote aliyotembea na kusifiwa barabarani, alidhani amepata kitu cha kusimamia. Sasa alikitafuta kitandani akaona kilikuwa macho ya watu, na macho ya watu yamekwenda na mapazia yao kwa dobi mwingine. Hakuwakasirikia. Nguo zao zina shughuli. Lakini alijiona amebaki peke yake na mwili wa mzee mmoja, wenye joto, unaonuka, ambao hakuna mteja atakayekuja kuudai, na akaona kwamba huo ndio mali yake yote, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kuushika kama kitu chake.

"Povu," alisema. "Niitie daktari."

"Unajisikia vibaya?"

"Niitie tu."

Karatasi ilikuja juu ya ubao mgumu. Daktari alitaka kuisoma kwa haraka, Nyoosha akamwomba aisome taratibu, kila mstari, pamoja na ile sehemu inayosema huenda mgonjwa asiamke. Daktari akamuuliza kama mkewe amsainie, kwa kuwa homa ilikuwa imempanda.

"Hapana," alisema. "Ni mimi."

Alisaini kwa herufi kubwa, moja moja. Mkewe alielekea dirishani akatoa kitambaa. Povu akaupokea ubao na kumrudishia daktari.

Kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji alikuja muuguzi msichana, pengine wa umri wa binti yake wa mwisho, ameshika kalamu nene nyeusi. Alimweleza kwamba lazima mguu utiwe alama, na lazima mgonjwa mwenyewe aonyeshe ni upi, ndio utaratibu. Akafungua bandeji.

Nyoosha akajiinua kwa viwiko na kuutazama. Hakugeuza uso. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi kama vya mtu aliyekanyaga lami. Ngozi ya juu iling'aa, imevimba, na wayoni palikuwa na shimo lenye kingo nyeupe ambamo mtu angeweza kuingiza kidole gumba. Alilitazama kwa muda mrefu, kama anayesoma barua iliyochelewa.

"Ni huu," alisema.

Msichana akachora mshale kwenye muundi. Wino ulikuwa wa baridi. Pale juu, chini ya goti, Nyoosha aliusikia.

"Haya, mzee, twende. Wanakungoja."

Wanaume wawili walikuwa wameshika kitanda cha magurudumu mlangoni. Mmoja alitazama saa ya ukutani.

"Mwanangu, subiri kidogo," alisema Nyoosha. "Huu mwingine. Mimi sifiki chini yake. Niangalizie."

"Huu hauna shida, mzee."

"Ndiyo nataka ujue hauna, si udhani."

Msichana aliwatazama wale wanaume, kisha akaweka kalamu mfukoni na kuuinua mguu wa kushoto. Aliushika kisigino, akainama. Nyoosha aliona aibu ikimpanda shingoni hadi masikioni, ileile aliyoijua, na hakuuvuta mguu.

"Kisigino kimepasuka," alisema msichana. "Na hapa karibu na kidole cha mwisho pamelowana."

"Mpasuko unaingia kiasi gani?"

"Kiasi cha ukucha. Sasa hivi naugusa."

"Sisikii," alisema Nyoosha. "Pasafishe basi, na pafungwe. Kabla sijaenda."

"Mzee, muda."

"Najua. Nimechelewa mimi, si wewe. Pafunge."

Msichana akaenda kutafuta dawa na bandeji. Wanaume wa kitanda wakaegemea ukuta. Mkewe alitaka kumsaidia alaze mguu, Nyoosha akamzuia kwa mkono; akaushika mwenyewe chini ya goti kwa mikono miwili, ameuinua juu ya shuka, usiguse kitu, akingoja.